Binti yangu anasinzia juu ya daftari

*Shikamoo Shangazi. Naishi Ngamiani hapa Tanga, nauza vitumbua. Binti yangu yuko kidato cha nne, Novemba anafanya mtihani wa taifa. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, kapata pointi 27, daraja la nne. Akishika daftari dakika kumi tu, anasinzia. Shuleni nako walimu wanalalamika. Mimi simtupi, ananisaidia vitumbua tangu saa kumi alfajiri, akirudi anachota maji na kupika, saa nne usiku anafungua vitabu hadi saa saba. Mdogo wake wa kiume hana shida, yeye ni mpira tu. Jirani anasema binti kakaliwa na kitu, nimpeleke akanyweshwe kombe, yale maji yaliyooshea aya. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza sijui. Nimsaidieje?*
*Mama Vitumbua*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu umeliandika mwenyewe, pale kwenye saa. Analala saa saba, anaamka saa kumi. Hizo ni saa tatu, kwa msichana ambaye mwili wake unadai nane hadi kumi. Kombe mpe ukipenda, dua ni dua, lakini kombe halimlalii mtu. Tena alichosoma mchana, ubongo hukipanga akiwa usingizini. Kumkeshesha hivyo ni kutia maji kwenye pakacha.

Sasa vitumbua. Najua ndivyo vinavyowalisha, sitakwambia uviache. Lakini mchele ukishaloweka na kuusaga, ukikoroga jioni na hamira kidogo, usiku unaumuka wenyewe. Kinachobaki alfajiri ni kuchoma, na kuchoma ni kazi ya mtu mmoja na chuma chake. Nazi? Yule wa mpira. Mkalishe juu ya mbuzi akune, na ndoo za maji abebe yeye. Akinuna, mwambie ni hadi Novemba tu. Mimi ningesema hadi aoe, ila nyumba ni yako.

Binti aanze kusoma baada ya magharibi, na saa nne taa izimwe. Hata akisema bado kidogo.

Pointi 27 zisikutishe. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la tatu linaishia pointi 25. Yaani D mbili zikigeuka C, katoka daraja la nne. C inaanzia alama 45, kwa hiyo mwulize ni masomo gani alipata arobaini na kitu. Nguvu kubwa iende huko kwanza, si kwenye somo alilopata, tuseme, 12 linalomliza kila siku.

Kiingereza wala kisikusumbue. Wewe unachambua mchele, yeye kakupa daftari ulishike wewe, limefungwa. Mwambie, "Haya nieleze, damu inazungukaje mwilini?" Akueleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza mtoto. Akikwama utamwona, kigugumizi hakina lugha. Pale alipokwama ndipo pa kurudia. Kisha ayaandike hayohayo kwa Kiingereza bila kuchungulia, maana mtihani utamtaka hivyo, ndipo afungue daftari ajisahihishe. Dakika kumi za namna hii zinashinda saa nzima ya kupitisha macho kwenye maandishi ukidhani unasoma. Na siku za Jumamosi apate mtihani wa miaka ya nyuma, akae nao saa tatu kamili, mlango umerudishwa, asitumwe hata chumvi.

Jambo moja limenikera, nalo nitalisema. Umeandika kwamba binti anasinzia, hukuandika hata mara moja kwamba amechoka. Leo usiku usimwulize kasoma nini. Mwambie alale, kesho vitumbua utachoma mwenyewe.

Na huyo kijana usimwambie habari ya nazi imetoka kwangu.