Mjukuu ana kisukari: potasiamu na sukari wapi na wapi?

SWALI: Mwanangu daktari, hujambo? Mjukuu wangu aligundulika na kisukari akiwa na wiki saba. Sasa ana miezi mitatu na anachomwa insulini. Juzi wamemchukua damu, eti inapelekwa nje kupimwa jeni, kwani huenda shida iko kwenye chaneli za potasiamu. Ikithibitika, ataachishwa sindano apewe glibenklamaidi. Hizo ndizo dawa zangu, ninazimeza mwaka wa tisa huu! Dawa ya bibi itamtibuje kichanga? Potasiamu na sukari wapi na wapi? Na mama yake, anayenyonyesha, aache ndizi? (Bibi, Tanga)

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Poleni na uuguzi.

La ndizi tulimalize mapema: mama ale. Potasiamu ya chakula haina kosa hapa. Penye shida ni mlango wa kupitia.

Ndani ya kila seli kuna potasiamu nyingi, kama milimoli 140 kwa lita, wakati kwenye damu ni 4 hivi. Utando wa seli ni wa mafuta, na potasiamu haiwezi kuupenya. Hupita kwenye vitundu vilivyojengwa kwa protini, ndivyo tunavyoviita chaneli. Vitundu hivi vina uchaguzi wa ajabu: sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, lakini hairuhusiwi kupita. Kwa nini mdogo azuiwe mkubwa apite? Jibu lilionekana wazi mwaka 1998, Roderick MacKinnon wa New York alipoonyesha umbo la chaneli mojawapo. Kwenye koo lake atomu za oksijeni zimejipanga kwa kipimo cha potasiamu hasa, kama pete na kidole chake. Potasiamu huvua maji iliyojifunika, ikapokewa na oksijeni hizo. Sodiamu ingepwaya mle, basi hubaki nje na maji yake. Kazi hiyo ilimpatia Nobel ya kemia mwaka 2003.

Sasa twende kwenye kongosho. Seli za beta, zinazotengeneza insulini, zina chaneli ya potasiamu inayosikiliza hali ya nishati ndani ya seli. Ukiwa na njaa iko wazi, potasiamu inavuja kutoka, na seli imetulia. Ukila, sukari huingia kwenye seli na kuchomwa, nishati iitwayo ATP huongezeka, na ATP hiyo huifunga chaneli. Potasiamu ikikosa pa kutokea, umeme wa utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vya insulini humwagwa kwenye damu. Kwamba sukari huifunga chaneli hiyo, Frances Ashcroft na wenzake wa Oxford waliliona mwaka 1984 kwenye seli za panya.

Mtoto mwenye hitilafu kwenye KCNJ11, jeni yenye maelekezo ya kujenga chaneli hiyo, chaneli yake haiisikii ATP. Ni kama mlango uliowekewa jiwe, haufungi. Sukari inapanda, na insulini ipo tele kwenye vifuko, ila amri ya kuitoa haifiki. Hapo ndipo anapotofautiana na mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye seli zake za beta zimeshaharibiwa. Huyo hata umpe kopo zima la vidonge vyako, hakuna seli ya kuamshwa.

Glibenklamaidi hujishika pembeni mwa chaneli na kuifunga bila kungoja ATP. Ndivyo inavyokusaidia wewe, ndivyo inavyoweza kumsaidia yeye. Kiini cha ugonjwa wa watoto hawa kilitangazwa mwaka 2004, na miaka miwili baadaye watafiti wakaripoti wagonjwa 49 wa KCNJ11 waliojaribiwa dawa za kundi hili: 44 waliacha insulini kabisa. Aliyewahi kuvuta nusu yuniti ya insulini kwenye sindano kwa ajili ya mtoto wa kilo nne anajua hiyo ni nafuu ya namna gani.

(Wauguzi wa zamani wanaijua chaneli hii bila kujua jina lake. Mjamzito mwenye malaria kali akiwekewa dripu ya kwinini, sukari yake ingeweza kushuka ghafla. Kwinini nayo huifunga. Ndiyo maana tuliichanganya kwenye maji ya glukosi.)

Lakini mama, vyako usimpe. Kisukari cha umri huu kina jeni nyingi zinazoweza kukisababisha, na baadhi hazijibu vidonge hata kidogo. Mpaka majibu yarudi, insulini isikatwe hata siku moja. Yakikubali, dawa huanzishwa wodini: kidonge hupondwa, huchanganywa na maji, hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na damu hupimwa mara kwa mara mchana na usiku. Usishangae pia ukisikia kwamba kwa kila kilo ya uzito yeye anapata nyingi kuliko wewe. Mara nyingi huwa hivyo.

Daktari akiuliza kama wazazi ni mtu na binamu yake, msikwazike; jibu linamsaidia kujua aanze kutafuta jeni ipi. Na kama umekuwa ukijilaumu kwamba umemrithisha sukari yako, hitilafu ya KCNJ11 mara nyingi huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana.

Chaneli hizo hizo ziko pia kwenye ubongo na misuli. Akichelewa kukaza shingo, akiwa mlegevu, au mkimwona anashtukashtuka kama mwenye degedege, msisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpelekeni siku hiyo hiyo.