Kilomita 21 peke yangu: niliyojifunza kabla ya kupanda Mweka

Nilianza mazoezi ya nusu marathoni ya Kilimanjaro bila kocha wala kikundi. Zamu zangu za kazi hazikuendana na ratiba za vikundi vya jogging, kwa hiyo nilikimbia peke yangu, saa 11 alfajiri, hapa Dar es Salaam, kutoka Coco Beach hadi ng'ambo ya Daraja la Tanzanite na kurudi. Dada yangu unayetaka kukimbia peke yako, chagua njia yenye taa na watu, na mtu wa nyumbani ajue unapita wapi. Mimi nilimwandikia mama kila nikitoka, na kila nikirudi: "Nimerudi."

Kilichonigharimu ni kasi. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia punguza. Nilikimbia kila siku, tena mbio mbio, na wiki ya sita muundi wa mguu wa kulia ukaanza kuuma hata nikipanda ngazi. Raba nazo zilichangia. Zilikuwa za mtumba, juu zinang'aa, lakini nilipobonyeza soli kwa kidole gumba ilibonyea na kubaki vile vile. Bonyeza kabla hujalipa.

Nilipumzika siku 10. Niliporudi nilikimbia siku tatu tu kwa wiki: mbili fupi, na Jumapili ile ndefu, polepole kiasi cha kuweza kuimba ubeti mzima bila kukata pumzi. Pumzi ikikatika, natembea mpaka itulie. Nilianza na kilomita 5, nikaongeza moja au mbili kila Jumapili, kila wiki ya nne nikipunguza ili mwili upumue. Nilifika 18, wiki tatu kabla ya mbio, nikaishia hapo. Usihangaike kutimiza 21 mazoezini.

Siku yenyewe, pale Moshi, niliamkia chai na ndizi mbivu, vile vile nilivyozoea kila Jumapili. Mbio zilipoanza watu walichomoka, nikawaacha waende. Njia ya mbio, inayopanda kuelekea Mweka kisha kurudi mjini, haina mlima mkali, ila inapanda tu, inapanda tu, migomba huku na huku, na wengi walionipita chini niliwakuta wanatembea, mikono kiunoni. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuisikiliza pumzi yangu, si hatua za jirani.

Kuteremka ndiko sikukujiandalia. Daraja la Tanzanite halina mteremko wa kufundisha mapaja, kwa hiyo ukiwa Dar tafuta kilima, ujifunze kushuka kwa hatua fupi. Na kata kucha siku mbili kabla! Sikukata, na kidole gumba cha kushoto kiligonga ncha ya raba kila hatua hadi uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 41. Nilikaa kwenye nyasi, nikavua raba, nikamwandikia mama: "Nimerudi."