Watamu, Galana, Voi: namna ya kupanga siku nne za barabara kutoka Mombasa

Msomaji mmoja wa Changamwe ameniandikia wiki hii: "Ndugu, tuko watu watano, gari ni saluni, tuna siku tatu au nne. Tunataka Diani, Shimoni, Shimba Hills, Watamu, Malindi na Tsavo. Tuanzie wapi?"

Anzeni kwa kukata nusu. Ujumbe wa namna hii huja kila Desemba ikikaribia, na jibu langu halijawahi kubadilika. Wengi hulisoma, hushukuru, halafu huondoka na orodha yao nzima, na wakirudi wana picha za dirisha la gari tu. Inaniuma, kwa sababu kila kitu walichokifuata kilikuwepo, ila walifika saa ambayo hakionekani.

Kusini ya Likoni ni safari moja, kaskazini ya Nyali ni safari nyingine. Ukizichanganya kwa siku tatu utavuka mji wa Mombasa mara mbili, na siku nzima itaishia kwenye foleni. Kusini inatosha siku mbili. Siku ya kwanza panda Kwale kupitia Kombani, uingie Shimba Hills asubuhi na mapema kumtafuta palahala, swala mkubwa wa pembe zilizopinda, kwenye nyasi za vilele kabla jua halijamrudisha msituni. Hakuna hifadhi nyingine Kenya utakayomwona. Teremka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick ukiwa na askari wa wanyama, kisha ukalale Diani. Siku ya pili nenda Shimoni upande jahazi la kwenda Kisite, hifadhi ya baharini, na ule mchana Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Ukitokea Changamwe au Miritini, pita Dongo Kundu uepukane na feri. Ukitokea kisiwani, vuka baada ya saa tatu asubuhi, watu wa kazini wakishapungua.

Lakini kama mna siku nne, kaskazini kuna mzunguko ambao sijaona wa kuushinda: Mombasa, Kilifi, Watamu, Malindi, kisha mnaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, mnatokea Voi na kurudi kwa barabara kuu. Bahari na tembo bila kupita njia moja mara mbili.

Kabla ya kulipia chumba chochote, tazama mwezi. Nasema kwa dhati: kalenda ya mwezi inatangulia bei ya hoteli. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji yamejaa saa nne asubuhi na yamepwa saa kumi jioni, na hayasogei sana.

Mtu anayefika Watamu bila kujua hili hutoka hotelini saa nne na taulo begani, akakuta bahari imekimbia na mbele yake ni majani na mawe. Analaumu ufuo. Ufuo hauna kosa. Saa hiyo hiyo ndiyo ya kuwa ndani ya mashua kwenye bustani za matumbawe, maana maji ni machache na samaki wako chini ya pua yako. Ondokeni ufuoni kama saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, mkae hadi yaanze kurudi. Maji yanayotoka hubeba tope la mikoko ya hori la Mida na kufifiza macho; yanayoingia hutoka bahari kuu yakiwa safi. Nusu saa ya kwanza ya maji kujaa ndiyo bora kuliko zote.

Siku hiyo hiyo ya bamvua, saa tisa na nusu au saa kumi, nendeni Mida. Maji yamejaa, mtumbwi unapita katikati ya mikoko bila kukwama. Mkitaka ndege, fanyeni kinyume: nendeni maji yakipwa, tope likiwa wazi na korongo wakila. Yakiwa maji mafu, asubuhi ipeni msitu wa Arabuko-Sokoke. Ingieni na mwenyeji anayejua njia saa kumi na mbili na nusu, wakati sengi, wanyama wadogo wa pua ndefu, bado wanachakura majani makavu, na bahari isubiri jioni.

Magofu ya Gede yako karibu na njia panda ya kuingilia Watamu. Saa moja na nusu inatosha, na tangu 2024 yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pitieni siku ya kwanza mkitokea Mombasa. Kilifi simameni baada ya daraja mnunue korosho, msikae.

Kuhusu msimu. Upepo wa kaskazi ukivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na kuwa angavu. Upepo wa kusi, hasa wa Juni hadi Agosti, huvuruga maji, na mashua nyingine hazitoki. Tsavo nayo huonekana vizuri kukiwa kukavu, kwani nyasi zimelala na wanyama wamebanana kwenye maji. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo vyote viwili vinakutana. Aprili na Mei, masika yakishika, njia ya Tsavo inayofuata mto Galana si ya saluni.

Jambo moja huwashangaza wageni: mbona Malindi maji ni mekundu na Watamu ni ya buluu, ilhali ni mwendo mfupi tu? Mto Galana ukifika pwani huitwa Sabaki, na humwagikia kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Ule udongo mwekundu mtakaouona umewapaka tembo wa Tsavo ndio unaoteremshwa hadi baharini, na upepo wa kaskazi huusukuma kusini, kwenye ufuo wa Malindi wenyewe. Kwa hiyo msimu huo laleni Watamu usiku mbili, Malindi iwe ya kujaza mafuta.

Na hayo mafuta ni tangi zima. Kutoka Malindi hadi lango la Sala ni zaidi ya kilomita 100, na ndani ya mbuga hadi lango la Voi ni zaidi ya 100 nyingine, kwa mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa, mkisimama kila kichaka. Hakuna kituo cha mafuta mbugani. Bebeni maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu, kwenye madumu ya kurudia: chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote tangu Juni 2020, na langoni watawanyang'anya.

Sasa gari, maana hapa ndipo safari huharibika. Siku moja kabla ya kuondoka, shusha tairi la spea ulipime upepo. Spea nyingi zimekaa miaka bila kuguswa na hazina hata nusu ya upepo. Kisha legeza kila nati ya gurudumu kwa wili spana yako mwenyewe, ukaze tena. Gereji hukaza kwa mashine, na spana fupi inayokuja na gari haitazifungua ukiwa peke yako juani. Zikikataa nyumbani, utanunua bomba la kurefushia mkono wa spana. Zikikataa Galana, utamsubiri mpita njia. Jeki nayo huzama kwenye mchanga, hivyo weka kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, unene usiopungua sentimita 2. Maji ya rejeta yatazamwe asubuhi injini ikiwa baridi.

Mkiingia changarawe, punguzeni upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 27 au 28. Tairi laini humeza yale makunyanzi ya barabara, gari halirukiruki na mchanga haulimezi upesi. Ila mkifika Voi jazeni tena kabla ya kushika lami. Tairi lenye upepo mdogo kwa kasi ya kilomita 90 hupata joto pembeni na kupasuka, na watu husema ni bahati mbaya.

Lipieni kiingilio kwa simu kupitia mtandao wa serikali mkiwa bado Malindi, kwani langoni hawapokei pesa taslimu na kuelekea Sala mtandao ni hafifu. Kitambulisho cha kila mtu kiwe mkononi, maana bei ya raia ni tofauti kabisa na ya mgeni. Ondokeni Malindi saa kumi na moja alfajiri kupitia Langobaya. Njia kuu iwatosheni. Zile njia nyembamba zinazochepuka kwenda mtoni zina mchanga mwingi, na saluni yenye watu watano hukalia tumbo. Kwenye makutano mtaona nguzo za mawe zenye namba. Pigeni picha ya ramani langoni na mfuate namba hizo, si simu.

Mchana, joto likikaza, elekeeni bwawa la Aruba lililojengwa 1952. Tembo huja hapo kwa makundi. Zimeni redio. Tembo akigeuka kuwakabili, akafungua masikio na kutikisa kichwa, mko karibu mno: rudini nyuma polepole, msipige honi. Wala msisimame kati ya mama na mtoto hata kama picha ni nzuri namna gani. Mkipata pancha, tazameni pande zote nne kwanza, mmoja abaki juu akichunga, na anayefungua nati asiwe peke yake chini. Nguo za buluu nzito na nyeusi ziacheni mjini, zinavuta mbung'o.

Tokeni lango la Voi kabla ya saa kumi na mbili jioni, mlale mjini. Tiketi ya siku si ya kutoka na kurudi. Mkitaka mbuga tena kesho yake mnalipa upya. Ndiyo maana nasisitiza kuanzia Sala alfajiri: siku moja, malipo mamoja, mbuga mmeikata kutoka mtoni hadi reli.

Na niliseme hili wazi, hata kama litaonekana ni mahubiri. Bahari ya Watamu na ya Malindi imehifadhiwa tangu 1968, na kilichobaki hapo kimebaki kwa sababu kuna watu waliokatazwa kuchukua. Msiokote makombe, msiwape samaki mkate, msisimame juu ya matumbawe mkivua miwani. Tumbawe lililokanyagwa halirudi likizo ijayo. Nahodha akiwaambia "simameni tu hapa," mwambieni hapana, hata kama ni mtu mzima kuliko ninyi na mnamwita baba. Kabla hamjapanda, muulizeni bei ina nini ndani: kiingilio cha hifadhi, miwani, chakula? Hesabuni jaketi za kuelea, moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la mtoto. Pungufu hata moja, msiondoke. Vaeni viatu vya mpira vinavyofunika vidole. Miamba ina viumbe vya miiba na samaki mwenye sumu anayejilaza kama jiwe.

Siku ya nne ondokeni Voi saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wa barabara ile una trela zilizokufa bila taa na tembo wanaovuka upande wa Maungu. Hakuna haraka inayostahili hayo. Kwenye mji mdogo wa Mackinnon Road madereva wengi husimama kwenye msikiti wa Seyyid Baghali kutoa sadaka na kuomba salama, na ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Mkivuka Mariakani kabla ya saa nne, foleni ya malori kuelekea Miritini bado inasogea. Na spea mliyoitumia, ipelekeni kwa fundi wa pancha siku hiyo hiyo.