Uliza Fundi: Difu Inayosingiziwa

Barua tatu za toleo hili zinahusu milio ya magari ya fowili (yanayovuta kwa magurudumu yote manne) yaliyokula miaka, na mbili kati yake zimekuja na hukumu tayari: "fundi amesema difu imekufa." Difu, yaani lile boksi la meno linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli, hufa, hatubishi. Ila hakuna kifaa kinachosingiziwa kama hicho, kwa kuwa kipo katikati ya ekseli na kila kelele ya nyuma husikika kama inatokea hapo.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1994, inabeba pembejeo na marobota ya tumbaku. Tangu mvua ziishe inavuma kwa nyuma. Kwenye vumbi sisikii kitu, lakini nikishika lami ya kwenda Tabora mvumo unaanza kwenye 60, na kwenye 80 hatusikilizani ndani. Nikikata kulia unapungua, nikikata kushoto unazidi. Fundi anataka tununue difu nzima ya mtumba. Nikubali? — Msomaji, Urambo

JIBU: Usikubali bado, ndugu yetu. Hayo maneno yako ya kulia na kushoto yanatuelekeza kwingine kabisa. Gari likikata kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia, na beringi iliyochakaa ikiongezewa mzigo hupiga kelele zaidi. Meno ya difu hayajali sana unakata wapi. Yanajali mguu wako ulipo kwenye pedeli ya mafuta. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni beringi ya gurudumu la nyuma kulia.

Hakikisha kabla ya kutoa pesa. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na magari, nenda 70, kanyaga mafuta gari livute, halafu achia mguu bila kugusa klachi. Mvumo unaolia gari linapovuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, ndio wa kupeleka kwenye difu: krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu), au beringi za pinioni. Ukibaki vilevile kwa namna zote mbili, difu ina utetezi mzuri. Kisha weka nyutro gari liserereke lenyewe. Mvumo ukiendelea bila kubadilika, injini na klachi umeshaviondoa kwenye orodha.

Kwamba husikii kitu kwenye vumbi si ushahidi, maana changarawe hufunika kila mlio. Inatulazimu tu kuanza na matairi, kwa sababu tairi lililolika vibaya huvuma kwenye lami kama beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi makali upande mmoja na ulaini upande mwingine, hamishia matairi ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, uende tena barabarani. Mvumo ukihamia mbele, umepata jibu kwa gharama ya jasho la jeki tu.

Ukibaki nyuma, sasa nyanyua ekseli. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, kisha stendi za chuma au gogo pana chini ya ekseli. Tofali usiweke, hupasuka bila taarifa. Gia iwe nyutro, handibreki uiachie. Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo wowote unaousikia mkononi ni beringi iliyolegea au iliyokwisha. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vikigusa springi karibu na ekseli. Beringi nzima huhisi kimya. Iliyokufa hutuma mkwaruzo hadi kwenye vidole, hata pale ambapo sikio halisikii kitu. Linganisha kulia na kushoto.

Tazama katikati ya rimu. Ukiona kofia ya shafti imetokeza na nati sita zimeizunguka, ekseli yako ni ile ambayo shafti huchomoka peke yake na habu (kitovu cha gurudumu) hubaki imekaa juu ya beringi mbili za koni, ya ndani na ya nje. Legeza zile nati sita hadi mwisho wa nyuzi bila kuzitoa, kisha gonga kichwa cha shafti kwa nyundo ya shaba. Vile vikoni vilivyobana kwenye stadi vitaruka vyenyewe. Anayevichokonoa kwa bisibisi huishia kuharibu vikoni na stadi pia. Chini ya shafti kuna nati kubwa ya beringi. Ya habu za mbele ni 54 mm. Ya nyuma ipime kwanza ndipo ununue soketi, na usiruhusu mtu aizungushe kwa patasi.

Beringi hubadilishwa pamoja na kikombe chake (pete ya nje ambamo roli huzunguka), kamwe si roli mpya kwenye kikombe cha zamani. Unapogongea kikombe kipya kwa kipande cha shaba, sikiliza: mlio mzito hugeuka mkali mara kinapokaa chini kabisa. Jaza grisi ya lithiamu namba 2 kwa kiganja, ukiisukuma hadi itokeze kati ya roli upande wa pili, na weka sili mpya. Kaza nati kwa nguvu huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili beringi zikae, ilegeze hadi ishikike kwa vidole, kisha ikaze kidogo kidogo mpaka mchezo uishe na habu bado inazunguka kwa wepesi. Iliyobanwa kupita kiasi huungua. Baada ya kilomita 20 za mwanzo, mwagia habu zote mbili matone ya maji kabla ya kuzigusa. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake na breki haishiki, umebana mno.

Kwa nini imeanza baada ya mvua? Ekseli iliyopata joto ikizama ghafla kwenye maji ya mto, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa. Kama kipumulio kilicho juu ya ekseli kimeziba kwa tope, ekseli itavuta maji kupitia sili. Maji yakilala kwenye beringi huacha vidoa vya kutu, na vidoa hivyo ndivyo vinavyovuma leo. Kwa hiyo kagua na oili ya difu. Fungua bolti ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya kumwagia, usije ukamwaga yote halafu ya juu ikagoma. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na hapo fundi wako atakuwa na hoja. Nunua lita 4 za namba 90 ya daraja la GL-5 na ujaze hadi ianze kumwagika kwenye tundu. Kipumulio kisafishe, ukiweza kiunganishie mpira upande hadi usawa wa bodi.

SWALI: Defender 110 yangu ya 300Tdi ikitoka rivasi kwenda gia ya kwanza inagonga "kong" chini, na nikienda taratibu inalia chii-chii-chii, inazidi kadiri ninavyoongeza mwendo kisha siisikii tena. Hapa nako nimeambiwa difu. — Msomaji, Sikonge

JIBU: Chii-chii ya mwendo mdogo ni krosi (kiungo cha msalaba) ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, iliyokauka grisi. Haiponi ukiongeza mwendo, inafunikwa tu na kelele za gari. Ingia chini, angalia vikombe vya kila krosi: vumbi jekundu la kutu pembeni yake ni hukumu tosha. Shika propela uizungushe kushoto na kulia. Krosi ikicheza ndani ya uma wake, ibadilishe.

Kabla hujafungua chochote, kumbuka handibreki ya Defender inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukiitoa propela hiyo, gari halina handibreki, hata uvute vipi. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu. Nati za propela ni za inchi 9/16, na spana ya 14 mm huingia kwa shida au hula pembe, kwa hiyo azima ya inchi. Tia alama ya rangi kwenye flanji ili irudi ilivyokuwa.

Mlio ule wa "kong" kwa kawaida ni jumla ya ulegevu mdogo wa sehemu nyingi: krosi, meno ya shafti, bushi, na kweli, kidogo cha difu. Sehemu inayosahauliwa ni zile flanji za mwisho wa shafti kwenye magurudumu. Chomoa kofia ya mpira katikati ya habu. Ukikuta unga mwekundu, meno yamekuwa yakisagana makavu, na flanji mpya inaweza kuondoa sehemu kubwa ya kishindo kwa bei ndogo sana kuliko difu.

Ukitaka kujua kama mlio uko mbele au nyuma, toa propela ya mbele, funga difu loki (inayofunga difu ya kati ili mbele na nyuma vizunguke pamoja), zunguka polepole kwenye barabara ya vumbi. Bila kufunga loki gari halitakwenda, nguvu yote itaishia upande usio na propela. Mlio ukitoweka, ulikuwa mbele.

Unapoweka krosi mpya, sindano moja (kiroli chembamba cha beringi ya krosi) ikilala ndani ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu haiingii kwenye mfereji wake. Usiipigie nyundo, toa, hesabu sindano, rudia.

SWALI: Hardtop yangu ilitoka kwenye tope la mbuga. Kufika lami nikakata kuingia sheli, matairi yanalia, usukani mzito, gari linaruka-ruka. Limevunjika nini? — Msomaji, Nzega

JIBU: Huenda hakuna kilichovunjika, umesahau fowili. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari lako halina difu ya kati ya kugawa tofauti hiyo. Kwenye tope matairi huteleza, kwenye lami hayatelezi, shafti zinajinyonga. Rudisha gia ya fowili. Ikigoma usiilazimishe: nenda rivasi mita chache moja kwa moja, mkazo utaachia, itatoka. Kisha shuka ufungue habu zote mbili za mbele, na uhakikishe zote zimesoma FREE (huru).