Re: Kwa nini chumvi Kunduchi na siyo Coco Beach?

Mkuu, umeuliza kwa nini chumvi ya bahari inatengenezwa Kunduchi na siyo Coco Beach, wakati zote ni pwani ya Dar es Salaam. Bahari ni ileile kweli, tofauti ni udongo. Nyuma ya mikoko ya Kunduchi kuna tambarare ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Mchanga wa Coco ungeyanywa yote. Maji huingizwa wakati wa bamvua (bahari inapojaa sana), kisha yanahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chembe hazianzi kuganda mpaka karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji zikauke. Hapo ndipo wengi huharibu: wakisubiri yakauke kabisa, chumvi za magnesiamu nazo zinaganda, mzigo unakuwa mchungu na unavuta unyevu gunia zima. Mwaga yale maji ya mwisho. Masika yakianza, sahau. Mvua moja kubwa inayeyusha kila kitu bwawani.