Harufu tamu ya kulanti inatoka wapi?

Fundi, nikiwasha hita asubuhi nikishuka kutoka Limuru, gari linanukia utamu na kioo cha mbele kinaingia ukungu. Ni nini?

Utamu huo ni wa glaikoli, kemikali iliyo kwenye kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Ukija na hewa ya hita, shuku rejeta ndogo ya hita iliyojificha nyuma ya dashibodi. Pitisha kidole kwenye kioo: ukungu wa kawaida hukauka tu, lakini huu huacha utando unaoteleza kama mafuta. Kisha inua kapeti miguuni pa abiria, ubonyeze sponji ya chini yake. Ikitoa maji ya rangi yenye utelezi, umempata mwizi. Tafadhali fanya hivyo kabla hujamlipa mtu yeyote. Nimeona gari lililobadilishiwa rejeta kubwa bure, kapeti ikilowa wakati wote. Kufungua dashibodi ni kazi ya kutwa. Kama huna pesa sasa, fundi anaweza kuunganisha paipu mbili za hita ili kulanti isipite humo. Utakaa na baridi, lakini hutavuta mvuke ule.

Naisikia harufu nikizima gari, lakini chini hakuna hata tone.

Kulanti inavuja kidogo kidogo na kukaukia kwenye chuma cha moto. Injini ikipoa kabisa, tafuta alama nyeupe, za kijani au za waridi kwenye maungio ya paipu na chini ya pampu ya maji. Angalia pia mpira wa kifuniko cha rejeta, maana ukipasuka hapo ndipo mvuke unapotokea. Usikifungue kikiwa cha moto.

Makanika wangu anasema kulanti ni ya nchi za baridi, nitie maji ya bomba.

Hapana, ndugu yangu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huku maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, huchelewesha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya kisima huacha ukoko ndani ya rejeta.

Paka wa ploti analamba maji ya kijani chini ya gari langu. Nimfukuze?

Mfukuze, kisha mwaga maji mengi hapo uoshe mpaka utelezi uishe. Glaikoli ni sumu, na kiasi kidogo tu huharibu figo za paka. Watoto nao huvutwa na utamu huohuo, kwa hiyo mtungi wa kulanti uweke juu, umefungwa.