Maswali ya Wasomaji: Mstari wa Sindano, Mstari wa Patasi

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa sanaa, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, na mwaka huu tumeanza kuchapa picha kwa draipointi, yaani kuchanja bamba kwa sindano, na linokati, yaani kuchonga kwa patasi linoleamu, ile nyenzo laini ya kufunika sakafu. Nilichora mti mkubwa kwa penseli, kisha nikauhamisha mchoro uleule kwenye kipande cha linoleamu na kwenye bamba la plastiki. Chapa ya linoleamu imetoka imejaa weusi na matawi yamepotelea humo. Ile ya bamba imetoka hafifu kama utando wa buibui. Mwalimu ameandika pembeni kwamba vipengele vya sanaa havionekani, ilhali mimi naona mstari upo na umbo lipo. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, mwalimu wako yuko sahihi, ingawa angekuongezea sentensi moja angekupunguzia usiku mmoja wa mawazo. Mti hauna kosa. Kosa ni kudhani kwamba mchoro wa penseli unaweza kuhamia popote bila kubadilika, kana kwamba mstari, umbo, toni (viwango vya mwanga na giza) na nafasi ni mizigo inayobebwa kutoka karatasi moja hadi nyingine. Katika sanaa ya chapa, vipengele hivyo huzaliwa na kifaa unachoshika, na sindano na patasi havizai watoto wanaofanana.

Tuanze na mstari, kwa kuwa ndio uliokuponyoka mara zote mbili. Katika draipointi unachanja bamba kwa sindano ya chuma kigumu, wino unaingia kwenye mchanjo, uso wa bamba unapanguswa, na ulipokwaruza ndipo patakapokuwa peusi. Katika linokati mambo yamepinduka: rola hupaka wino juu ya uso uliobaki, na kila ilikopita patasi hubaki peupe. Nadhani uliipitisha patasi juu ya mstari wenyewe wa penseli, na kwa hiyo ukapata mikato myembamba myeupe iliyomezwa na weusi. Ukitaka tawi jeusi, lazima uchonge pande zake mbili na kuliacha limesimama kama tuta. Ukitaka tawi jeupe, lichonge lenyewe, lakini kwa upana unaotosha kushindana na giza linalolizunguka. Kabla ya kugusa linoleamu nyingine, chukua karatasi nyeusi na chaki nyeupe, uuchore mti wako upya. Kila msogeo wa chaki ni msogeo wa patasi, na utashangaa jinsi macho yanavyoanza kutafuta mwanga badala ya kutafuta mpaka wa kitu.

Sasa bamba lako. Sindano ya draipointi haing'oi chuma kingi wala plastiki nyingi. Huisukuma kando, ikainuka pembeni mwa mchanjo kama udongo unaoachwa na jembe la kukokotwa. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya mstari uliochanjwa vizuri, nawe utahisi makali yanayokwaruza ngozi. Tuta hilo dogo ndilo linaloshika wino wa ziada na kuupa mstari ule ulaini wa mahameli ambao penseli haiwezi kuutoa. Ukilaza sindano kidogo, tuta huinuka zaidi upande mmoja na mstari hutoka mnene wenye kivuli. Ukiisimamisha wima, tuta hupungua na mstari hutoka mwembamba, mkavu. Kama ulikwaruza kwa woga, hapakuwa na tuta la kushika chochote. Hakikisha pia kwamba karatasi ililowekwa na kukaushwa maji ya juu, kwa sababu karatasi kavu haiingii kwenye mchanjo, na kwamba hukupangusa bamba hadi likang'aa kama sahani.

Kupangusa huko ndiko kunakotuleta kwenye toni. Ukiacha utando mwembamba wa wino juu ya bamba, unapata kijivu ambacho hakikuchorwa na sindano yoyote. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alilijua hili: katika chapa yake ya Misalaba Mitatu ya mwaka 1653, iliyotegemea zaidi draipointi, nakala za bamba moja hutofautiana kwa mwanga na giza kutokana na wino alioacha usoni pa bamba. Linokati haina kijivu cha namna hiyo. Ukichapa kwa wino mweusi, una weusi na weupe tu, na kijivu ni hila ya macho inayotokana na mikato midogo iliyokaribiana. Kwa hiyo usihangaike kuiga kivuli laini cha penseli. Liache shina liwe umbo zito moja, kisha lionyeshe gome lake kwa mikato inayofuata mzunguko wa shina. Mikato hiyohiyo itakuwa umbile la uso na itaonyesha uduara kwa pamoja. Binafsi hupenda pia zile alama ndogo zinazobaki mahali palipochongwa patupu. Wengine huziondoa zote, na anga la picha yao hubaki limekufa.

SWALI: Je, kipande kimoja cha linoleamu kinaweza kutoa picha ya rangi nyingi?

JIBU: Kinaweza. Unachonga sehemu zitakazobaki nyeupe, unachapa nakala zote kwa rangi iliyokoza kidogo kuliko zote, unaendelea kuchonga kipande hichohicho, unachapa rangi inayofuata juu yake, hadi ufike kwenye iliyokoza zaidi. Mchoraji Picasso aliitumia sana njia hii kusini mwa Ufaransa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ubaya wake ni kwamba hakuna kurudi nyuma: kilichochongwa kimekwenda, na idadi ya nakala lazima uiamue siku ya kwanza, ukiongeza chache za kuharibika.

SWALI: Chapa zangu za kwanza za draipointi huwa nzuri, lakini nikiendelea mistari hufifia. Je, wino wangu ni mbaya?

JIBU: Wino hauna hatia. Kila bamba linapopita kwenye mashine ya kuchapia, yale matuta hulazwa na kusagika, na baada ya nakala kumi au ishirini hivi mahameli hutoweka, ubaki mkwaruzo mtupu. Plastiki huchoka mapema kuliko shaba. Bamba la shaba linaweza kuvikwa tabaka jembamba la chuma kwa umeme likadumu zaidi, lakini mwenye bamba la plastiki atachanja tena mistari muhimu au ataridhika na nakala chache, azitie namba kwa penseli chini ya picha.